Mto Hausomwi kwa Siku Moja: Rai Juu ya Kufundisha Mabadiliko ya Mito katika Shule ya Msingi



Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la sita katika shule moja ya tambarare za Usangu, mkoani Mbeya, nikimkagua mwanachuo wetu mmoja. Mada yake ilikuwa kukauka kwa mito. Ubao ulikuwa safi, na kichwa cha somo kilikuwa kimepigiwa mstari. Chini yake zilipangwa sababu tatu: ukataji wa miti ovyo, wingi wa mifugo, na mabadiliko ya tabia ya nchi. Wanafunzi waliinamia madaftari yao wakanukuu.

Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alifika kwenye sababu ya pili akaweka kalamu chini. Alipoulizwa kwa nini haandiki, alisimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani ni wafugaji. Baba anasema ng'ombe akishakunywa huondoka, lakini mfereji hunywa usiku na mchana." Darasa likacheka. Mwanachuo wetu akajibu, "Andika kilicho ubaoni, ndicho kitakachoulizwa." Mvulana akaketi, akaandika.

Nami, katika fomu ya ukaguzi, niliandika kwamba matumizi ya ubao ni mazuri, mpangilio wa hatua ni mzuri, na ushirikishwaji wa wanafunzi ni wa kuridhisha. Nikampa alama za juu. Jioni, tulipokuwa tukirejea chuoni, gari lilipita kwenye kidaraja cha mfereji mkuu wa kumwagilia mpunga. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, nao mfereji ulikuwa umejaa. Mbele kidogo tukauvuka mto wenyewe, nao ulikuwa mchanga mtupu na vidimbwi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika darasa lile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amefanya kazi ya jiografia, naye ndiye tuliyemwamuru anyamaze.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba somo la namna ile, ingawa lina mpangilio, halifai. Rai yangu ni hii: mwalimu asifundishe sababu za mto kubadilika kabla hajawafundisha wanafunzi namna ya kujua kama mto umebadilika, tangu lini, na maji yake yamekwenda wapi. Orodha ya sababu isiyotanguliwa na kipimo huwa ni uvumi ulioandikwa kwa chaki. Tena uvumi wa namna hii una watu wake: mara zote kuna jirani atakayebebeshwa lawama.

Ushahidi wa Ruaha Mkuu

Tuanze na mto ule ule uliokuwa nje ya dirisha la darasa. Ruaha Mkuu hukusanya maji yake kutoka vijito vingi vinavyoshuka milima ya Uporoto na Kipengere. Vijito hivyo huingia tambarare za Usangu, na maji hupumzika katika kinamasi cha Ihefu. Mwisho wa kinamasi, mahali paitwapo Ng'iriama, kuna mwamba uliokingama kama ukingo wa beseni. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya ukingo huo, mto huendelea na safari yake kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera na lile la Kidatu, hadi kuungana na Rufiji. Maji yakishuka chini ya ukingo huo, mto hukatika. Kinamasi chaweza kuwa bado kina maji mengi, lakini nje ya mwamba halitoki hata tone.

Kabla ya miaka ya 1990 mto huu ulipungua sana kila kiangazi, lakini ulitiririka. Mwishoni mwa mwaka 1993 ulikatika ndani ya Hifadhi, na tangu hapo kukatika wakati wa kiangazi kumekuwa jambo la kila mwaka. Viboko hurundikana katika vidimbwi vichache, na samaki hufa. Badiliko hili si la mwaka mmoja mbaya. Ni badiliko la tabia ya mto, na kila mtu alitaka kumjua aliyelisababisha.

Majibu yalipatikana upesi kuliko vipimo. Wapo waliosema ni mvua, wengine wakasema ni miti. Sauti kubwa zaidi ilisema ni ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi wa Usangu waliondolewa pamoja na mifugo yao kwa amri ya Serikali, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Lakini mto uliendelea kukatika kiangazi.

Hali kadhalika, wachunguzi waliofanya kazi Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamekwisha kufuata maji yenyewe, kijito kwa kijito na mfereji kwa mfereji. Walichokiona ni kwamba chanzo kikuu cha mto kukatika kiangazi kilikuwa maji yanayochukuliwa njiani kwa ajili ya kilimo. Mashamba ya mpunga ya kumwagilia, ambayo katikati ya karne ya ishirini yalikuwa hekta elfu chache tu, yalikuwa yamepanuka hadi kufikia kiasi cha hekta 40,000 katika mwaka wa mvua nzuri. Tena mabanio ya zamani, yaliyojengwa kwa miti, mawe na udongo, yalivuja. Yalichukua maji, lakini yaliacha mengine yapite kwenda kwa wa chini. Mabanio mapya ya saruji yaliyaboresha mashamba, lakini yaliweza pia kukinga karibu maji yote ya kiangazi na kuyaelekeza mferejini, hata mwezi ambao hakuna mpunga wa kumwagilia.

Hapa mwalimu na awe mwangalifu. Ni rahisi kuitoa lawama kwa mfugaji na kumtwisha mkulima, halafu tukadhani tumeendelea. Mkulima wa Usangu hulisha miji yetu. Alihimizwa kulima, na banio la saruji aliletewa kama maendeleo. Ninachosema si kwamba mkulima ni mkosaji. Ninasema kwamba jibu lilipatikana kwa kupima, na kwamba vipimo havikuliunga mkono jibu lile ambalo watu wengi walikuwa nalo tayari.

Nile na habari iliyo kinyume

Mwanachuo anayesoma mpaka hapa aweza kusema, "Kumbe basi, mabadiliko ya mito si jambo la tabia ya nchi, ni mifereji tu." La hasha! Hilo nalo lingekuwa kuuchukua mto mmoja na kuufanya sheria ya mito yote. Tuupime mto mwingine ambao maji yake yalifuata mvua, tuone tofauti.

Nile hutoka Ziwa Viktoria pale Jinja, nchini Uganda. Ziwa hili lina eneo la kiasi cha kilometa za mraba 68,800, na sehemu kubwa ya maji yake, karibu nane ya kumi, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Iliyobaki huletwa na mito. Kwa hiyo Ziwa Viktoria ni kama kipima-mvua kikubwa mno kilichowekwa katikati ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1961 zilinyesha mvua ambazo hazikuwa zimeonekana tangu vipimo vilipoanza kuwekwa. Mvua nzuri zikafuatana, na kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda kiasi cha mita mbili na nusu. Mashamba ya mwambao na magati yalifunikwa. Maji yaliyotoka Jinja katika miaka iliyofuata yalikaribia kuwa maradufu ya wastani wa miaka sitini iliyotangulia.

Bwawa la Owen Falls lilikuwa limekamilika mwaka 1954, na watu wengi walilitilia shaka. Lakini kwa makubaliano ya nchi zilizohusika, bwawa hilo lilitakiwa kuyafungulia maji kwa kiasi kile kile ambacho ziwa lingeyatoa lenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Mpandisho ule ulitoka mbinguni. Leo twajua zaidi jinsi ulivyotokea. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kupita kawaida, na upande wa Indonesia ukapoa, mvuke mwingi huelekea kwetu na mvua za vuli huzidi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2019. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilikipita kidogo kimo cha 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi.

Hata hivyo, kati ya vipindi hivyo viwili vya mafuriko kuna kisa cha tatu kinachofaa sana kwa darasa. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2006 ziwa lilishuka hadi kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi. Ni kweli kulikuwa na ukame, lakini katika miaka ile maji yaliyofunguliwa Jinja kwa ajili ya umeme yalizidi kiasi kilichokubaliwa. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba karibu nusu ya mshuko ule ilitokana na ukame, na nusu nyingine na maji hayo ya ziada. Ziwa ni lile lile na Nile ni ile ile. Mwaka 1961 sababu ilikuwa moja, na mwaka 2006 sababu zilikuwa mbili. Mtu aliyekariri orodha angewezaje kuzitenganisha?

Hali ya hewa, tabia ya nchi, na kumbukumbu ya mto

Wanachuo wengi huchanganya hali ya hewa na tabia ya nchi, au tabianchi kama wengi wanavyoiita siku hizi. Hali ya hewa ni ya leo na ya wiki hii. Tabia ya nchi ni wastani wa miaka mingi, na desturi ya wataalamu ni kuuchukua kwa miaka thelathini. Mto nao una mambo hayo mawili. Una maji ya leo, na una tabia. Hatuwezi kuijua tabia ya mto kwa kuutazama masika mbili, kama vile tusivyoweza kuijua tabia ya mtu kwa kumsalimu mara moja njiani.

Tena mto una hila yake. Huko Cairo, katika kisiwa cha Roda, kuna nguzo ya kupimia kimo cha Nile iliyojengwa mwaka 861, na kumbukumbu za mafuriko ya kila mwaka ziliwekwa hapo kwa karne nyingi. Mwingereza mmoja aliyeitwa Harold Edwin Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906 na kufanya kazi huko kwa miaka mingi, alizichambua kumbukumbu hizo. Mwaka 1951 alichapisha alichokiona: miaka ya maji mengi hupenda kufuatana, na miaka ya maji machache vivyo hivyo. Jambo hili halikuwa geni kwa mtu yeyote aliyewahi kusikia kisa cha Nabii Yusufu na ile miaka saba ya neema na saba ya njaa, lakini Hurst alilionyesha kwa tarakimu. Maana yake kwetu ni nzito. Miaka kumi mibaya iliyofuatana yaweza kuwa mwanzo wa badiliko la kudumu, na yaweza kuwa zamu ya kawaida ya mto. Ni kumbukumbu ndefu tu zinazoweza kutupambanulia.

Je, kumbukumbu ndefu za siku zetu zinasemaje? Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa vipimo vya vituo 7,250 vya mito duniani, vya kuanzia mwaka 1971 hadi 2010. Waliona kwamba baadhi ya maeneo mito yake inapungua na mengine inaongezeka. Walipojaribu kuyaeleza mabadiliko hayo kwa matumizi ya maji na ya ardhi peke yake, hesabu hazikukubali. Zilikubali pale tu walipoingiza kupanda kwa joto la dunia kunakosababishwa na binadamu. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Hunyonya ardhi na mabwawa kwa nguvu, kisha huushusha mzigo wake kwa kishindo. Kwa hiyo badiliko la tabia ya nchi ni kweli, na mwalimu asiwe na haya kulitamka. Lakini ukweli unaoonekana ukiitazama dunia nzima haumpi mtu ruhusa ya kuutumia kama jibu la kila kijito. Mkono wa tabia ya nchi na mkono wa mtu huweza kuwa katika mto mmoja kwa wakati mmoja, na kazi ya elimu ni kujifunza kuipambanua.

Vivyo hivyo kwa miti. Tumezoea kusema kwamba miti ikikatwa mto hukauka. Lakini miti nayo hunywa. Mahali pengi msitu ukifyekwa, jumla ya maji ya mwaka yanayofika mtoni huongezeka badala ya kupungua. Hasara huja kwa njia nyingine. Udongo ulioachwa uchi hushindiliwa na matone, maji hayazami, na yale ambayo yangetoka polepole kiangazi hukimbia yote siku ya mvua yakiwa na tope. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo atautetea msitu kwa hoja imara zaidi kuliko yule aliyekariri sentensi moja.

Maswali matatu badala ya sababu tatu

Napendekeza basi kwamba pale mwanachuo wetu alipoandika sababu tatu, pangeandikwa maswali matatu.

Swali la kwanza: mto umebadilika majira gani? Mto uliopungua wakati wa mvua na mto uliopungua wakati wa kiangazi ni wagonjwa wawili wenye maradhi mbalimbali. Ruaha Mkuu hubeba maji mengi sana wakati wa mvua hata leo. Kidonda chake ni kiangazi. Hilo peke yake latuelekeza kutazama maji machache ya kiangazi huenda wapi.

Swali la pili: umebadilika tangu lini, na tunajuaje? Kumbukumbu za wazee ni hazina, na wanafunzi wazikusanye, lakini wafundishwe kuuliza kwa busara. Mzee akiulizwa, "Je, zamani mto ulikuwa mkubwa?" atasema ndiyo, kwa kuwa zamani kila kitu kilikuwa kikubwa. Akiulizwa, "Mwaka ulipooa, mlivuka mto kwa mtumbwi au kwa miguu, na ulikuwa mwezi gani?" atatoa ushahidi.

Swali la tatu: maji yamepotea wapi? Hayakunyesha? Yalinyesha lakini yakarudi hewani kabla ya kufika mtoni? Yalifika mtoni yakachukuliwa njiani? Au yanazuiliwa mahali yakifunguliwa kwa zamu? Kila jibu lina kipimo chake, na kila kipimo chaweza kuanzwa na mtoto.

Kazi ya darasani

Zana zinazotakiwa hazihitaji fedha. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti, pamoja na rula, ni kipima-mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hapo somo la hisabati limekwisha kuingia bila kubisha hodi. Mti ulionyooka, uliotiwa alama za sentimita na kukitwa ukingoni mwa kijito, ni kipimo cha kimo. Vipimo viandikwe katika daftari moja la shule kila asubuhi kwa saa ile ile. Daftari hilo lisiwe la mwalimu, maana mwalimu huhamishwa. Liwe la darasa, na darasa linalomaliza lilikabidhi kwa linalofuata.

Ama kupima mwendo wa maji, fanyeni hivi. Chagueni sehemu iliyonyooka ya mfereji au kijito, pimeni mita 10, kisha tupeni kijiti juu ya maji na mhesabu sekunde. Tuseme kijiti kimechukua sekunde 20. Kasi ni nusu mita kwa sekunde. Tuseme mfereji una upana wa mita 2 na kina cha wastani cha sentimita 30. Eneo lake ni mita za mraba 0.6. Zidisheni, mtapata mita za ujazo 0.3 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, chukueni nane ya kumi ya jibu hilo. Mfereji huo basi unapitisha lita 240 kila sekunde.

Sasa turudi kwa yule mvulana wa dirishani. Siku moja ina sekunde 86,400. Mfereji wetu mdogo, ukiachwa wazi mchana na usiku, hupitisha lita 20,736,000 kwa siku. Tuseme ng'ombe mmoja hunywa lita 40 kwa siku, na hiyo si kiu ndogo. Maji ya mfereji huo mmoja yangewatosha ng'ombe 518,400. Kauli ya baba yake, ambayo darasa liliicheka, ilikuwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya iliyokuwa ikingoja mwalimu.

Hesabu hiyo nayo isigeuzwe kuwa hukumu. Waulizeni wanafunzi: je, maji yote ya mfereji yamepotea, au mengine hurudi mtoni chini ya mashamba? Je, ng'ombe hana madhara mengine, kama kukanyaga kingo na kumaliza majani? Hapo ndipo mtakapoona darasa likijadiliana, na mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wakibishana juu ya tarakimu badala ya kubishana juu ya wazazi wao.

Tahadhari moja hainabudi kutajwa. Mto mkubwa una mamba, viboko na mikondo, na maji yaliyotuama yana kichocho. Vipimo vifanywe kwenye kijito kidogo au mfereji, kutoka ukingoni, mwalimu akiwapo. Hakuna tarakimu inayolingana na uhai wa mtoto.

Pingamizi

Najua mtakayosema, maana nami niliyasema nilipokuwa mwanachuo. Mtasema mtihani hauulizi vipimo, unauliza sababu. Ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyepima atazijua sababu na kuzieleza, ilhali aliyekariri atababaika swali likigeuzwa kidogo tu. Mtasema vipindi havitoshi. Kupima mvua huchukua dakika tatu kila asubuhi, nazo hufanywa na zamu ya usafi. Mtasema pia kwamba nyinyi mtakaa shuleni miaka miwili mitatu, na kumbukumbu yenye manufaa yahitaji miaka thelathini. Hiyo ndiyo pingamizi ya maana kuliko zote, na jibu langu ni kwamba nguzo ya Roda ilihudumiwa na watu ambao kila mmoja wao alikufa kabla kazi haijakamilika. Shule zetu hukaa kijijini kuliko ofisi nyingi. Kama daftari lingeanzishwa katika kila shule iliyo kando ya kijito cha Usangu mwaka 1970, mwaka 1993 pasingekuwa na haja ya kubahatisha.

Wengine wataogopa kwamba tukiwafundisha watoto kuuliza, wataanza kutilia shaka kila jambo, hata kupanda kwa joto la dunia. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyezoea kuona jinsi tarakimu ya leo inavyopanda na kushuka, na jinsi wastani wa miaka unavyosogea polepole, ndiye atakayeelewa wanasayansi wanasema nini wanaposema tabia ya nchi imebadilika. Aliyekariri ataamini leo kwa sababu mwalimu amesema, na kesho ataacha kuamini kwa sababu mwingine amesema.

Jambo lenyewe si dogo. Maji ya Ruaha Mkuu huzalisha umeme Mtera na Kidatu, kisha huingia Rufiji, penye bwawa la Julius Nyerere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Watoto mtakaowafundisha ndio watakaoketi katika mabaraza ya kugawana maji hayo. Wakifika huko na orodha ya sababu tatu, watatafuta wa kumfukuza. Wakifika na mazoea ya kupima, watajua pa kuanzia.

Kwa upande wangu, nimeibadili fomu yangu ya ukaguzi. Chini ya matumizi ya ubao nimeongeza mstari mmoja: je, kuna jambo ambalo mwanafunzi amelijua kwa kulipima au kulichunguza mwenyewe? Alama niliyoitoa siku ile siwezi kuirudisha, na mvulana yule amekwisha kulifunga daftari lake likiwa na sababu ya pili ndani yake. Lakini mwanachuo atakayekaguliwa nami muhula ujao ajue kwamba nitaketi tena nyuma ya darasa, na mtoto akiweka kalamu chini, nitatazama mwalimu anafanya nini.